Mchuzi wa Kihindi mtamu zaidi hauko India. Nibishieni

#1 Mla_Upanga
Wakuu salaam.

Nimesoma Pune, nikafanya kazi Leicester, sasa nimerudi Dar. Kote huko nimekula mchuzi wa Kihindi, na msimamo wangu najua utaniletea ugomvi: mtamu zaidi hauko India. Ule wa majumbani Kisutu na Upanga unaushinda wa Pune kwa mbali, na wa Uingereza ni mnyama mwingine kabisa.

Ninachouliza ni kwa nini. Binzari ni zile zile, kuku ni kuku, kitunguu ni kitunguu. Pune nilikuwa naletewa rojo jekundu, kali, lenye nazi kavu iliyokaangwa. Leicester nikaletewa rojo la rangi ya chungwa, tamu, limejaa krimu. Dar naletewa mchuzi mwepesi wenye ukwaju na viazi mbatata vimelala chini. Kote wanakiita "chakula cha Kihindi". Karibuni.

#2 Kachumbari_Kali
Naweka kambi hapa. Chapati nimekuja nazo.

#3 Bi_Makadara
Salaam kaka. Mizani yako ndiyo mbovu. Pune iko Maharashtra. Wahindi wengi wa Dar, Zanzibar na huku kwetu Mombasa asili yao ni Kutch na Kathiawar, upande wa Gujarat. Wewe umekula chakula cha Maharashtra, ukakipima na cha Gujarat kilichokaa Pwani zaidi ya miaka mia, halafu unatangaza India imefungwa.

Rojo hilo jekundu la nazi kavu ni mapishi ya upande wa Kolhapur. Mtu wa Bhuj, mji wa Kutch, akilionja atatokwa na machozi kama wewe. Wagujarati hata dengu wanalitia sukari guru na kitu kichachu. Huo utamu wenye uchachu unaousifia Upanga ulipanda jahazi huko.

#4 MwanaReli
Nusu nakubali, nusu nakataa. Wahindi wa Kenya walikuja kujenga reli, na wale walikuwa Wapunjabi. Ndiyo maana Nairobi kuku wa siagi (butter chicken) na mikate ya naan vimejaa kila kona, na Dar hamna. Reli ndiyo iliyogawa michuzi.

#5 Kachumbari_Kali
Dar hamna kuku wa siagi? Mkuu, lini mara ya mwisho umetoka Ngara?

#6 Mzee_Kumbukumbu
#4, tuwekane sawa. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa 1896 hadi 1901. Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka India, na ni kweli wengi walikuwa wa Punjab. Lakini mikataba ilipoisha wengi walirudi kwao. Waliobaki hawafiki 7,000. Na Wahindi wa Pwani ni wa zamani kuliko reli. Enzi za Sayyid Said, ushuru wa forodha Zanzibar ulikuwa umekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kutch. Bizari ilishazoeleka mitaani kabla hata taruma la kwanza la reli halijalazwa.

#7 MwanaReli
Mzee, hao 7,000 hawakuwa wanakula hewa. Wakafungua maduka, gereji na hoteli hadi Kisumu na Kampala. Nabaki pale pale.

#8 Ngara_Finest
Na tukumbushane, Kenya Wahindi ni kabila rasmi la 44 tangu 2017. Kwa hiyo huku kuku wa siagi ni chakula cha kienyeji, hatushindani na wageni.

#9 Bhai_wa_Mwanza
Habari zenu. Mimi ni Mhindi wa Mwanza, babu wa babu ndiye aliyekuja. Nicheke kidogo kwanza.

Haya. Chakula cha heshima nyumbani kwetu ni kuku paka. Kuku anachomwa kwenye mkaa mpaka ngozi iungue kidogo, halafu anaingia kwenye tui zito lenye manjano, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi na ndimu, na mayai ya kuchemsha. Nilipokwenda Gujarat kwenye harusi ya ndugu, nikawaambia nitawapikia chakula cha kikwetu. Shangazi wa kule akaniuliza: hiki ni chakula cha nchi gani? Hawakijui kabisa. Wagujarati wa bara kule kuku mwenyewe wengi hawamgusi, hawali nyama.

Ndiyo maana "wa Dar ni bora kuliko wa India" ni swali la ajabu kidogo. Wa Dar haukuwahi kuwa wa India. Bibi zetu walikuta nazi, mbuzi ya kukunia, mkaa na mpishi Mswahili jikoni. Na huyo mpishi hakuna anayemtaja. Michuzi mingi mnayoisifia Upanga imeungwa na mikono ya kina mama wa Kimanyema na Kizaramo waliofanya kazi kwenye nyumba hizo miaka mingi.

#10 Mla_Upanga
#9 hapo umenigusa. Mchuzi ninaousifia anayeupika ni mama wa Kimakonde, mwenye nyumba anakuja kuonja chumvi tu.

#11 Kachumbari_Kali
Wa Kimakonde! Kesi imekwisha, Mtwara imeshinda.

#12 Jikoni_Sparkhill
Nipo Birmingham, nimefanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa Kihindi. Niwape siri ya Uingereza.

Kwanza, migahawa mingi inayoitwa ya Kihindi huku si ya Wahindi. Wenyewe ni Wabangladeshi, na wengi wao asili yao ni mkoa mmoja, Sylhet. Pili, humo jikoni hakuna mtu anayeunga mchuzi wako kuanzia kitunguu. Asubuhi linachemshwa sufuria kubwa la vitunguu, karoti kidogo, tangawizi, saumu na binzari za kawaida, linasagwa, linakuwa rojo moja lisilo na jina. Jioni ukiagiza korma, mpishi anachota rojo lile, anatia krimu na unga wa nazi. Ukiagiza madras, rojo lile lile, anaongeza pilipili na nyanya. Dakika chache sahani imetoka. Nyama ilishapikwa mchana.

Kwa hiyo #1, ulichokula Leicester, kama kilikuwa cha mgahawa, tofauti yake na vingine haitokani na nchi, inatokana na haraka. Mteja ametoka baa, ana njaa, hataki kungoja.

#13 Bi_Makadara
Astaghfirullah. Rojo moja kwa wote?

#14 Jikoni_Sparkhill
Rojo moja kwa wote, bibie. Na watu wanapanga foleni.

Ila usiwadharau. Hapa Birmingham kuna mchuzi unaoitwa balti, uliozaliwa huku huku miaka ya 70 na Wapakistani. Unapikwa haraka kwa moto mkali na kuletwa mezani kwenye kikarai kile kile kilichopikiwa, unaula kwa naan kubwa kama mkeka. Ukitafuta balti hiyo Lahore, Pakistan, utaambiwa uende Birmingham.

#15 Mzee_Kumbukumbu
Tena Uingereza si ya jana. Mgahawa wa kwanza wa Kihindi London ulifunguliwa 1810 na Sake Dean Mahomed, mtu wa Patna aliyekuwa kwenye jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Haukudumu, 1812 alifilisika. Na 2001 waziri wao wa mambo ya nje, Robin Cook, alisema kuku tikka masala (vipande vya kuku wa kuchoma ndani ya rojo) ni chakula cha taifa la Uingereza.

#16 Kijana_wa_Glasgow
Na tikka masala ni yetu Glasgow! Ali Ahmed Aslam wa mgahawa wa Shish Mahal, aliyefariki 2022, alisimulia kwamba mteja alilalamika kuku ni mkavu, naye akamtengenezea sosi kwa supu ya nyanya ya kopo.

#17 Ngara_Finest
Supu ya kopo. Taifa zima limejengwa juu ya supu ya kopo.

#18 Jikoni_Sparkhill
#16 hiyo hadithi inapingwa kila siku. Wapo wanaosema ni kuku wa siagi wa Delhi aliyebadilishwa nguo tu. Na hata huyo wa Delhi ana kesi: mwaka 2024 migahawa miwili, Moti Mahal na Daryaganj, ilipelekana Mahakama Kuu ya Delhi kugombea nani mwenye haki ya kudai kumvumbua.

#19 Mama_Belgrave
Hamjambo wanangu. Nimezaliwa Jinja, niko Leicester tangu Amin alipotufukuza 1972. Kijana wa #1 umekaa Leicester ukala krimu? Ulikuwa unakula wapi? Belgrave Road yote ni sisi wa Uganda, Kenya na Tanganyika. Wembley na Leicester ukiingia kwenye migahawa yetu unakuta muhogo wa kukaanga umepakwa pilipili na ndimu, tunauita mogo. Muhogo! Mhindi wa Delhi anauliza ni kitu gani hiki. Nyumbani napika matoke kwa bizari na mbegu za haradali mpaka leo.

Halmashauri ya Leicester mwaka ule ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, ikituambia tusije mjini kwao. Leo wanajitangaza kwa chakula chetu.

#20 Mla_Upanga
Shikamoo mama. Mimi nilikuwa nakula karibu na kazini, usiku. Belgrave nilifika kununua unga wa dona tu.

#21 Mama_Belgrave
Marahaba. Basi ulipita mlangoni kwangu ukaenda kula rojo la Sparkhill.

#22 Jikoni_Sparkhill
Mama, mimi sipo tena kwenye jikoni lile jamani.

#23 Ruwi_Usiku
Wakuu, mnazungumza kama India ni Gujarat na Punjab peke yake. Niko Muscat. Hapa Ruwi wapishi wengi ni wa Kerala, na kila nikila mchuzi wao wa samaki namkumbuka bibi yangu wa Pemba. Tui, pilipili, manjano, uchachu. Sisi tunatia ukwaju au embe bichi, wao wanatia tunda chachu lililokaushwa kwa moshi, na majani ya kari yanayorushwa kwenye mafuta ya nazi. Ukifumba macho uko Wete.

Maoni yangu ni kwamba hatufanani na watu waliotuhamia, tunafanana na watu wenye minazi kama sisi. Majahazi ya kaskazi yalitoka Malabar, pwani ya Kerala, pia, si Kutch tu. Mtu wa Gujarat ndiye aliyefungua duka, lakini mchuzi wetu ni wa minazi.

#24 Bhai_wa_Mwanza
#23 hoja nzuri, ila Durban nako kuna bahari na walienda Watamil kutoka kusini kabisa. Mbona wao tui wanalitumia kidogo?

#25 Durban_Daily
Nimeitwa. Wahindi walianza kufika Natal, huku kwetu Durban, Novemba 1860 kwa mkataba wa kulima miwa, meli ya kwanza ikitokea Madras. Mchuzi wa hapa ni mkali, mwekundu, unaungwa kwa nyanya na unga wa masala uliojaa pilipili, na viazi lazima. Tui si kawaida. Halafu kuna bani chau, ambayo jina linachekesha kuliko chakula: mkate wa boflo unakatwa robo, unatobolewa ndani, mchuzi wa maharage au kondoo unamiminwa humo. Unakula kwa mkono. Ukiomba kijiko wanakutazama.

Kwa nini nazi ni kidogo? Waliokuja walikuwa vibarua wa mashamba, walipewa posho ya mchele, dengu na mafuta. Unapika ulichopewa. Wahindi wa Zanzibar walikuwa wenye maduka, walijichagulia.

#26 Kachumbari_Kali
Kwa hiyo mchuzi mtamu ni wa tajiri. Nilijua tu.

#27 Toronto_Baridi
Hapana #26. Trinidad nao walienda vibarua, meli ya Fatel Razack ilifika Mei 1845, na chakula chao huku Scarborough, Toronto, kinapangiwa foleni. Wengi asili yao ni Bihar na maeneo ya jirani. Wao unga wa kari wanauchanganya na maji kwanza uwe uji mzito, wanaukaanga kwenye mafuta ya moto mpaka ukauke na kuwa kahawia, ndipo nyama inaingia. Ladha yake inachoma kooni kidogo, kama moshi. Binzari za kukaanga nzima nzima huzioni sana.

Na huo unga wa kari wa paketi ni jambo la kujadiliwa. Jikoni kwa Mhindi halisi unga mmoja wa kila kitu haukuwepo, kila mchuzi una mchanganyiko wake. Waingereza ndio walioufanya bidhaa ili mtu wa London apike bila kujua. Ulipoingia mkebeni, ndipo mchuzi ulipofanana.

#28 Bi_Makadara
Na sisi tusijidai. Nusu ya Kenya inapikia Simba Mbili. Mama yangu alikuwa anatwanga bizari zake za Markiti, mimi nafungua paketi, namtia wasiwasi kaburini.

#29 Osaka_San
Hamjaona unga wa paketi mpaka mfike Japani. Kari iliwafikia enzi za Meiji kupitia Waingereza, kwa hiyo wao waliipokea kama chakula cha Kizungu. Inauzwa kwa vipande vigumu kama sabuni ya mche, ndani mna unga wa ngano, mafuta na viungo. Unavunja, unatupia kwenye karoti, viazi na nyama, mchuzi unakuwa mzito wa kahawia na mtamu. Kuna aina maarufu tangu 1963 yenye tofaa na asali. Jeshi lao la majini linakula kari kila Ijumaa.

Ila mapema sana, 1927, mgahawa wa Nakamuraya pale Shinjuku ulianza kuuza kari ya Kihindi yenyewe, kwa msaada wa Rash Behari Bose, mpigania uhuru wa India aliyekimbilia Japani akaoa binti wa wenye mgahawa. Kwa hiyo zipo mbili, na Mjapani ukimwambia kari anafikiria ile ya tofaa.

#30 Ngara_Finest
Asali kwenye mchuzi. Moderator, mtu huyu apigwe marufuku.

#31 Mkulima_Babati
Wakubwa, mnabishana michuzi, mimi niwakumbushe mbaazi. Hilo dengu la njano la Wahindi ni mbaazi zetu, zimekobolewa tu. Huku Babati tulikuwa tunalima kwa ajili ya India. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha kuingiza mbaazi kutoka nje, tani 200,000 kwa mwaka, soko likaanguka. Gunia lilikuwa haliulizwi. Watu wa Mtwara na Lindi nao walilia. Mchuzi wa Delhi ukibadilika mfuko wa Babati unasikia.

#32 Bi_Makadara
Pole ndugu. Mngetuletea sisi, mbaazi za nazi na mahamri asubuhi tunakula hata mkituma meli nzima.

#33 Mkulima_Babati
Tuma nauli ya gunia, mama.

#34 Mzee_Kumbukumbu
Niongeze jambo moja. Mnasema "halisi, halisi". Pilipili kali, nyanya, viazi mbatata, vyote asili yake ni Amerika. Vilifika India baada ya Wareno. Kabla ya hapo ukali wa India ulikuwa pilipili manga na tangawizi. Vindalu, ule mchuzi mkali wa Goa, yenyewe asili yake ni chakula cha Kireno cha nyama ya nguruwe, divai na saumu. Wagoa wakatia siki na pilipili. London wakaifanya mashindano ya wanaume walevi. Sasa halisi iko wapi hapo?

Na Mreno Vasco da Gama alifikishwa Calicut, India, 1498 na rubani aliyempata Malindi.

#35 Ruwi_Usiku
Rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, mtu wa huku Ghuba. Kwa hiyo pilipili yote ya India mtushukuru sisi.

#36 Mzee_Kumbukumbu
Ndugu, hiyo ni hadithi maarufu lakini wanahistoria wengi wameikataa. Maandishi ya Wareno wenyewe yanaelekea kwa Mgujarati.

#37 Ruwi_Usiku
Vitabu tulivyosoma vilisema Ibn Majid. Siwezi kumsaliti kwa ajili ya mchuzi.

#38 Bhai_wa_Mwanza
Mmesahau dini. Wajaini hawali vitunguu wala saumu, na Wahindu wengi wanaoshika sana vivyo hivyo. Mchuzi wao unapata nguvu kwa mvuje, chembe ndogo tu kwenye mafuta ya moto, jikoni lote linanukia nyama ambayo haipo. Ukiondoa kitunguu kwenye mchuzi wa Sparkhill hakuna kinachobaki.

#39 Pemba_Chake
Mvuje? Yakhe, mvuje kwetu anafungwa mtoto shingoni asipate jicho. Nyinyi mnaula?

#40 Bhai_wa_Mwanza
Tunaula. Labda ndiyo maana hatuna majini nyumbani.

#41 Buyenzi_Boy
Mimi nipo Bujumbura, sina historia ya kuleta. Sambusa na chapati za Buyenzi zinanitosha. Endeleeni.

#42 Mla_Upanga
Nimesoma zote. Hadi sasa: Bi Makadara anasema ni mkoa waliotoka, Ruwi anasema minazi, Durban anasema posho, Sparkhill anasema haraka, Bhai anasema mpishi. Bado nasimama na Dar.

#43 Toronto_Baridi
Umesahau paketi.

#44 Tanga_Raha
Nyote mmesahau mkaa. Kuku paka wa gesi ni supu ya nazi. #9, mayai yanaingia lini? Mke wangu anayatia mwanzo, yanakuwa kama mpira.

#45 Bhai_wa_Mwanza
Mwisho kabisa, moto ukiwa chini, na tui lisichemke kwa nguvu litakatika. Yachanje kidogo ubavuni yanywe mchuzi.

#46 Bi_Makadara
Kuchanja? Kwetu yanakatwa nusu.

#47 Bhai_wa_Mwanza
Ukiyakata nusu kiini kinatoka kinachafua tui, dada yangu.

#48 Mama_Belgrave
Yanatiwa mazima, bila kuchanjwa. Jinja tulikuwa tunafanya hivyo.

#49 Tanga_Raha
Nimeuliza saa ya kutia tu jamani, kuku ameshaungua.